Barua kwa mwanangu: helikopta inayokataa kutulia hewani

Moshi,
Julai

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako na wadogo zako hawajambo, ila baridi ya mwezi huu imewafanya wachelewe kutoka kitandani kila asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe haliishi kwa maneno machache ya simu.

Umeniambia kwamba helikopta yako ndogo ya rimoti, iliyokuwa ikielea vizuri sebuleni kwetu, tangu ufike nayo Arusha inatetemeka mara tu inaponyanyuka, mkia unachezacheza, na yenyewe inachora duara badala ya kusimama mahali pamoja. Umeniambia pia kwamba wenzako chuoni wanasema jairo, yaani kile kipimo cha mgeuko kilicho kwenye bodi ya umeme, imekufa na inabidi ununue bodi mpya. Usinunue bodi, mama. Sikatai kwamba jairo huharibika, lakini katika kazi ya ufundi wa ndege tunajifunza mapema kutolaumu kifaa kinachopima kabla ya kukikagua kile kinachopimwa.

Helikopta si chombo kinachotulia chenyewe. Ikiwa inaelea na ikainama kidogo upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo, na mtelezo huo hauirudishi ilipokuwa bali huzaa myumbo mkubwa zaidi. Tatizo hili lilimshughulisha Mmarekani Arthur Young kwa miaka mingi, akifanya majaribio kwa helikopta ndogo za mfano, hadi alipofanikiwa kwa kutumia fito yenye uzito kwenye ncha zake, inayozunguka pamoja na mapanga ya juu yanayokinyanyua chombo, na kuyazuia yasifuate kila mwinamo wa mwili wa chombo. Mwaka 1941 aliipelekea kampuni ya ndege ya Bell kazi yake, na fito hiyo ndiyo unayoiona katika picha za helikopta ya Bell 47, iliyopata cheti cha matumizi ya kiraia mwaka 1946. Napenda kukumbuka kwamba helikopta za mfano, ambazo watu huziita vitu vya watoto, ndizo zilizotangulia ile kubwa.

Helikopta yako haina fito hiyo, na kazi yake imekabidhiwa jairo. Jairo hupima jinsi chombo kinavyogeuka, kisha bodi huziamuru sevo mbili, yaani mota ndogo zinazoelekeza mapanga makuu, na mota ya mkia zirekebishe. Sasa fikiri: panga lenye kasoro au shafti (mhimili unaoyazungusha mapanga) iliyopinda hutikisa mwili mzima mara nyingi kwa sekunde, na jairo haina njia ya kujua kwamba mtikiso huo si mgeuko wa kweli. Bodi hujibu kila kitu inachoambiwa, na majibu hayo huongeza fujo. Ndiyo maana ninakuomba uanze na vinavyozunguka, na mipangilio uiache iwe ya mwisho kabisa.

Kuhusu mwinuko wa mji, uliouliza, jibu ni fupi. Moshi tuko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari na ninyi mko karibu mita 1,400, kwa hiyo hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya hapa kwa takriban asilimia tano. Utahitaji kusukuma mota kidogo zaidi, na betri itaisha mapema kidogo, lakini wepesi huo wa hewa haufanyi chombo kizima kitetemeke.

Chomoa betri kabla ya kugusa chochote. Pitisha ukucha kwenye kingo za mapanga makuu ukitafuta pengo, ufa au sehemu iliyopinda, na ukikuta kasoro kwenye panga moja, badilisha yote mawili kwa pamoja, kwa sababu panga jipya na la zamani ni nadra kulingana uzito na umbo. Kisha angalia skrubu zinazoyashika. Ukikilaza chombo kwa ubavu, mapanga yanapaswa kubaki yalipo, na ukikitikisa kidogo yakubali kujikunja. Yakiwa yamekazwa mno, hayawezi kujinyoosha yenyewe yanapozunguka, na hapo ndipo hutokea mtetemo na mara nyingi lile duara unalolisema. Yakiwa yamelegea mno, kila moja hukaa linavyotaka wakati wa kuanza kuzunguka.

Baada ya hapo chomoa shafti kuu na uiviringishe juu ya kipande cha kioo. Iliyonyooka hubiringika kimya, lakini iliyopinda huonyesha mwanga ukifunguka na kufumba chini yake. Usijaribu kuinyoosha kwa koleo. Wakati umeitoa, chungulia vizuri kati ya gia na beringi, kwa maana naujua huo mchezo wenu wa kusukana nywele hosteli kila Jumamosi, na uzi mmoja wa rasta ukijizungusha pale unatosha kuikaba shafti na kuipunguzia rota, yaani mapanga yanayozunguka pamoja na kitovu chake, kasi. Uondoe kwa sindano, usikate kwa wembe karibu na beringi.

Vikikamilika hivyo, kagua kama mapanga yanapita njia moja. Bandika kipande kidogo cha selotepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja na cha buluu kwenye jingine, vyote vya urefu sawa. Usiweke uso wako usawa wa rota. Weka simu juu ya kiti ikirekodi kwa mwendo wa polepole, nawe usimame mbali wakati helikopta inakaribia kunyanyuka. Ukiona rangi mbili zimeachana, moja juu na nyingine chini, basi panga la juu linakata hewa kwa pembe kubwa kuliko mwenzake. Katika aina yako ya helikopta pembe haibadilishwi kwa fimbo, kwa hiyo dawa ni kuhakikisha kila panga limekaa sawasawa kwenye kitovu, na likikataa, kubadilisha jozi. Uzito nao upime: yaunganishe mapanga mawili kwa skrubu moja katikati, yaning'inize kama mizani ya duka, na upande unaopanda uongezewe selotepu kidogo kidogo kwenye ncha hadi yalale sawa.

Sahani inayoinama chini ya rota na vijiti vinavyoiunganisha na sevo visikuchukulie muda mrefu. Vicheze bila kukwama, na bila ulegevu unaoonekana kwa macho.

Mkia unahitaji subira zaidi, kwa sababu dalili zake hufanana wakati sababu ni tofauti. Mkia ukichezacheza haraka huku na huku, tazama kwanza kipanga chake kidogo kama kimekatika ncha, kisha fito ya mkia kama ina ufa au imelegea inapoingia kwenye mwili, kisha gundi ya sponji inayoishika bodi kama imebanduka upande mmoja. Vyote vikiwa salama, ndipo useme nguvu ya jairo imewekwa juu mno, na kama bodi yako inaruhusu, uipunguze hatua moja. Lakini pua ikigeukia kushoto kila unapoongeza nguvu, hilo ni jambo jingine. Mapanga yako makuu yanazunguka kama mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu, na mwili husukumwa kwenda kinyume, kwa hiyo mota ya mkia inapochoka pua huenda kushoto na bodi haina la kufanya. Mota hizo ndogo huisha brashi zake mapema, hasa zikifanya kazi zikiwa za moto.

Kuna mambo mawili ambayo si ugonjwa, na sitaki uyatibu. La kwanza ni kwamba msukumo wa mkia huivuta helikopta kuelekea kushoto, hivyo ikielea vizuri utaiona imeinamia kulia kidogo sana. La pili ni kwamba ikiwa karibu na sakafu, chini ya kimo kinacholingana na upana wa rota, upepo wake wenyewe hugonga chini na kurudi, na chombo huteleza kana kwamba kiko juu ya sabuni. Ipandishe haraka hadi usawa wa kifua ndipo uihukumu. Na jaribio lifanyike ukumbini, milango ikiwa imefungwa, kwani uwanjani hutaweza kutofautisha kasoro na upepo.

Betri ya seli moja ikijaa huwa na volti 4.2. Ikiwa helikopta hutulia mwanzoni na kuanza kuyumba dakika chache baadaye, au ikiwa betri imevimba, usitafute pengine. Iliyovimba usiichaji tena, na nzima usiiache kwenye chaja ukaenda darasani.

Mwisho ni kuwasha. Baridi ya Arusha mwezi huu si mchezo, na jairo iliyopimwa ikiwa ya uvuguvugu mfukoni hukosea inapopoa, kwa hiyo itoe helikopta na uiache ukumbini kwa muda kabla ya kuunganisha betri. Ukishaunganisha, iweke juu ya sakafu iliyonyooka, trimu zote, vile vitufe vya rimoti vya kurekebisha mwelekeo kidogo kidogo, zikiwa katikati, na usiiguse hadi taa itulie. Ukiishika mkononi wakati huo, itaanza safari na kipimo kisicho sahihi. Kama baada ya yote haya bado inavutwa upande uleule daima bila kutetemeka, hapo trimu hatua moja moja ni halali.

Badilisha kitu kimoja, rusha, andika ulichoona, ndipo uende kwenye kingine. Keshokutwa nitakutumia kwa basi la asubuhi shafti moja, jozi mbili za mapanga na kipanga cha mkia, nami nitakupigia simu nikujulishe ni basi lipi ili ukachukue mzigo stendi. Mota ya mkia sijaiagiza, nikisubiri kwanza video ya selotepu nyekundu na buluu, iliyorekodiwa betri ikiwa imejaa.

Ni mimi baba yako.