Mgonjwa aulizwe jina lake, asitajiwe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka sijawahi kuandika, ila ile habari ya mgonjwa aliyechomwa sindano ya mwenzake imenishinda kunyamaza. Mliandika vizuri mpaka mlipofika kwa mganga mfawidhi, akawaambia ni bahati mbaya, na nyie mkaishia hapo. Bahati mbaya ni radi. Hili lina chanzo na kinajulikana.

Shangazi yangu anaitwa Tumpe. Huku Rungwe na Kyela ukiita Tumpe wodini wanaitika watatu, na ubini nao haukusaidii kitu, nusu ya wodi ukoo mmoja. Alilazwa kwa presha hospitali moja ya hapa mkoani, siitaji. Usiku nesi kaja na sindano anamuuliza "wewe ndio Tumpe?", bibi wa watu kashtuka usingizini kajibu "ndiyo mwanangu", maana wazee wetu mtu wa hospitali akiwauliza kitu jibu ni ndiyo, hawambishii mwenye koti jeupe, basi akachomwa insulini ya Tumpe wa kitanda cha dirishani mwenye sukari. Haikupita muda jasho linamtoka nguo zote zimelowa, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, mara kimya, na aliyepiga kelele ni mama mmoja aliyekuwa anamuuguza ndugu yake kitanda cha jirani, ndio wakaja mbio wakamtundikia dripu ya glukosi akarudi. Asubuhi tunauliza tunaambiwa "sukari ilishuka tu". Shangazi hana sukari, hajawahi kuwa nayo, itashukaje mpaka azimie? Ukweli alituambia mwanafunzi wa uuguzi, kwa kunong'ona, huko nje kwenye kamba za nguo, anaogopa asifukuzwe. Na yule nesi mimi namtetea, alikuwa peke yake wodi nzima usiku kucha. Mkimsimamisha kazi, atakayekuja kesho atakosea vile vile ila atajua kuficha.

Na si mambo mapya. Mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, nchi nzima tulisikia. 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya kukagua kabla ya upasuaji, na cha kwanza kabisa ni mgonjwa athibitishe yeye ni nani. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, moja iko Ifakara, hapo tu nyuma ya Udzungwa, na matokeo ya 2009 yakaonyesha vifo vya waliopasuliwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Kwa hiyo dawa yake tunayo. Kwa nini iishie mlangoni kwa chumba cha upasuaji, wodini isifike?

Halafu hayo madirisha ya dawa jamani. Unapewa kibahasha cha kaki kimeandikwa 2x3 basi, jina la dawa hakuna, la mgonjwa hakuna, ukifika nyumbani vibahasha vya watu watatu viko juu ya kabati moja, bibi anameza za mjukuu. Ukiuliza hii ni ya nini unaambiwa sogea, foleni ndefu.

Mimi naomba plasta na maka peni. Mgonjwa akipokelewa abandikwe mkononi majina yake matatu, mwaka wa kuzaliwa na kijiji alichotoka, na kabla ya sindano yoyote aambiwe "mama, nitajie jina lako na unakotoka", anyamaziwe mpaka ayataje mwenyewe, kisha nesi asome plasta. Kama hawezi kuongea, aulizwe anayemuuguza. Wodi ikiwa na Tumpe wawili wasilazwe upande mmoja. Plasta zipo tayari chumba cha sindano, haisubiriwi bajeti wala mfadhili.

Na mkirudi kwa yule mganga mfawidhi muulizeni ndugu wa mgonjwa waliambiwa nini asubuhi yake, na nesi wa zamu ile alikuwa na wagonjwa wangapi. Jibu lake mliandike kama alivyolisema.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya