Barua ya malalamiko: begi langu la viatu vya baleti lilishushwa pamoja na samaki

Majengo,
Mombasa.
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mabasi ya Abiria,
Mombasa.

Kwa Bwana au Bibi Meneja,

KUH: BEGI LILILOPOTEA NA KUHARIBIKA, SAFARI YA MOMBASA–NAIROBI, USIKU WA 12 SEPTEMBA 2025

Mimi ni abiria wenu wa muda mrefu. Huu ni mwaka wa 2 sasa, wikendi mbili za kila mwezi, napanda basi lenu la usiku pale Mwembe Tayari siku ya Ijumaa, nashuka River Road, Nairobi, Jumamosi alfajiri, na Jumapili usiku narudi nyumbani. Nacheza baleti. Hapa Mombasa nina mwalimu anayenifunza siku za wiki, lakini madarasa makubwa na usaili wa maonyesho viko Nairobi, kilomita karibu 480 kutoka kwetu. Nikikosa safari, nimekosa darasa.

Tarehe 23 Septemba afisa wenu alinipigia simu akaniambia, "Begi limepatikana na umelipokea, kwa hivyo sisi tumefunga faili." Nilijaribu kumweleza, akaniambia ana wateja wengine wanaosubiri. Naandika kwa sababu ya simu ile. Begi limerudi, ni kweli. Nilichowakabidhi ndani ya begi hilo hakikurudi.

Usiku wa tarehe 12 basi lilitakiwa kuondoka saa tatu. Nilifika saa mbili na nusu, nikiwa na begi moja tu, jeusi, la kitambaa, ambalo siku zote hulipakata. Makanga akanizuia mlangoni. Akasema siku hizi mabegi yote huenda kwenye buti, ndani ni mikoba ya kina mama peke yake. Nilimwomba. Nilimfungulia zipu nikamwonyesha viatu, nikamwambia havitaki unyevu wala kukandamizwa, na kwamba kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa na usaili. Hakuwa mkali, nakiri. Alinijibu kwa upole: "Dada, usijali, mzigo wa abiria ni amana." Nikalipa shilingi 200 za mzigo, akabandika stika yenye nambari ya kiti changu na neno Nairobi, akalitia begi ndani mbele ya macho yangu. Mimi nimelelewa Mombasa, na kwetu mtu akitamka neno amana hubishani naye tena. Nikaenda kuketi.

Basi halikuondoka saa tatu. Liliondoka saa nne na dakika 40, kwa sababu tulikuwa tukisubiri pikapu iliyoleta kreti za samaki. Abiria wote tulikuwa vitini, watoto wakilia kwa joto, huku kreti zikipakiwa kwenye buti lile lile lenye mabegi yetu. Mzee mmoja wa kiti cha mbele aliuliza kama samaki nao wamekatiwa tiketi. Hakujibiwa.

Dereva namtolea shukrani. Aliendesha kwa uangalifu njia nzima, na tuliposimama Mtito Andei alimngoja mama mmoja aliyechelewa kutoka msalani, bila ya kupiga honi hata mara moja. Sina neno naye.

Asubuhi, kama saa moja hivi, tulisimama Mlolongo, kabla ya kufika Nairobi. Nilikuwa nusu macho. Kupitia dirishani niliwaona vijana wawili wakishusha kreti haraka haraka na kuzipanga juu ya mkokoteni, maji yakichuruzika lamini. Nikafumba macho tena. Begi langu lilikuwa juu ya mkokoteni ule, na mimi nilikuwa nimeketi mita tatu kutoka hapo. Nimelikumbuka jambo hilo kila siku tangu nilipoelezwa.

Tulifika River Road saa mbili na robo. Buti likafunguliwa, kila mtu akachukua chake, likabaki tupu, sakafu imelowa na inanuka. Ofisi yenu ya pale iliniambia huenda begi limeshuka Voi na abiria mwingine. Wakapiga simu Voi, Voi wakasema hawana. Nikaambiwa nirudi jioni. Hakuna aliyetaja Mlolongo, ingawa makanga aliyeshusha mzigo Mlolongo alikuwa amesimama pale pale akinywa chai.

Sasa niruhusuni niwaeleze viatu hivi ni nini, kwa sababu naamini yule afisa wa simu alidhani ni raba.

Ni viatu vya ncha, vya kusimamia kwenye vidole. Kwa mbele vina kisanduku kigumu kinachoshika vidole, na ugumu ule hautokani na mbao wala chuma. Ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyoshikanishwa kwa gundi, yakaachwa yakauke. Gundi hiyo adui yake ni maji. Jasho la mguu peke yake huilegeza, ndiyo maana mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Hewa ya Mombasa nayo huilegeza. Mimi huvitundika vyangu kwa kamba karibu na dirisha, kila baada ya mazoezi, na msimu wa mvua huvihamishia jikoni kwa mama, juu ya kabati, mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwetu.

Viatu hivyo haviuzwi hapa Mombasa. Vyangu ni vya Freed wa London, vimeshonwa kwa mkono, na chini ya soli kila fundi hupiga alama yake mwenyewe. Mchezaji akishampata fundi anayeujua mguu wake hataki mwingine. Vikija havina kulia wala kushoto, na haviwezi kuchezwa vile vilivyo. Unashona riboni na mpira mwenyewe, unakunja soli kwa mikono mpaka ikubali upinde wa unyayo wako, unakilainisha kisanduku pembeni kidogo kidogo, unavivaa nyumbani dakika kumi leo, ishirini kesho. Jozi mpya niliyokuwa nayo nilikuwa nimeishughulikia wiki nzima. Ndani yake nilitia alama kwa kalamu, nukta moja cha kulia, nukta mbili cha kushoto. Jozi ya pili ilikuwa ya zamani kidogo, ya akiba. Zote mbili zilikuwa ndani ya begi lile, pamoja na viatu laini vya mazoezi, nguo za kuchezea, plasta, sindano na uzi.

Nilikwenda kwenye usaili na dera nililosafiri nalo. Darasa la kupasha mwili lilianza saa mbili, kwa hivyo nilikuwa nimelikosa tayari, na miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa kitini karibu saa kumi. Wenzangu walinistahi. Mmoja alinipa nguo, mwingine viatu laini, nikashika ufito wa mazoezi pamoja nao na sehemu ya kwanza nikaimaliza. Ilipofika zamu ya viatu vya ncha, msichana mmoja alinivulia vyake. Vilikuwa vyembamba, na viatu hivi huufuata mguu wa mwenyewe kama ufunguo na kitasa chake. Nilipanda vidoleni mara moja, kifundo kikayumba, mwalimu akaniambia nivivue. Alikuwa sahihi, ningevunjika. Nikasimama ukutani, mikono nyuma, nikawatazama wenzangu 11 wakicheza kile nilichokuwa nimekifanyia mazoezi tangu Juni.

Jina langu halikutoka. Huenda lisingetoka hata hivyo, kwani wasichana wale ni wazuri na siwezi kuwadai ninyi nafasi ambayo sikuwa nayo mkononi. Lakini kama ni kukataliwa, nilistahili kukataliwa kwa uchezaji wangu.

Najua yapo mawazo kwamba baleti ni mchezo wa matajiri, na msichana wa Majengo akipoteza viatu vyake amepoteza anasa. Joel Kioko, mchezaji baleti Mkenya, alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda karibu na Karen, Nairobi, na mwaka 2017 akaenda kusoma katika shule ya baleti ya English National Ballet School, London. Njia ipo, na ni nyembamba. Mtu huipita kwa usaili mmoja baada ya mwingine, na kwa sisi wa Pwani kila usaili una nauli yake na usiku wake mmoja barabarani. Mama yangu anauza mahamri na mbaazi. Jozi ile mpya tuliinunua kwa miezi minne.

Begi nililipokea Mombasa tarehe 22 Septemba, siku kumi baadaye. Karani alinikabidhi likiwa ndani ya gunia na akageuza uso kwa sababu ya harufu. Kipande cha leso ya mama nilichokifunga kwenye zipu kilikuwa bado kipo. Stika yenu nayo ipo, nambari inasomeka na neno Nairobi linasomeka, kwa hivyo yeyote aliyelishusha Mlolongo angeisoma angejua. Niliambiwa lilikaa kwenye chumba cha samaki, sakafuni, hadi mwenye mzigo alipolalamika kwamba kuna begi si lake.

Nilikitoa kiatu chenye nukta moja nikabonyeza kisanduku kwa kidole gumba. Kidole kilizama, kama unavyobonyeza mkate uliolowa chai. Satini imegeuka rangi ya kutu, na karatasi za ndani zimejitenga, unaweza kuzihesabu. Wapo wachezaji wanaotia gundi upya kiatu kilichochoka kwa jasho. Hiki hakikuchoka, kiliyeyuka. Hata kikikauka hakitashika mwili wa mtu juu ya vidole, na mwalimu yeyote atakayeniruhusu nikivae atakuwa ananitakia mabaya.

Ofisi yenu ilinipa shilingi 1,500 "za kuoshea". Sikuzipokea. Nikaonyeshwa pia maandishi madogo nyuma ya tiketi, kwamba kampuni haitawajibika kwa mizigo. Nimeyasoma. Ila mizigo hiyo mnaitoza pesa, mnaibandika stika, na mnamkataza mwenyewe asiishike. Kama ningeachwa nilipakate begi langu, ningelibeba mwenyewe hadi Nairobi na lawama ingekuwa yangu. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Sidhani maandishi ya nyuma ya tiketi yana nguvu kuliko hayo.

Ninachoomba ni hiki. Mnilipe thamani ya jozi mbili, 13,800 kwa ile mpya na 8,000 kwa ile ya akiba, ambayo nimeipunguzia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshaitumia. Risiti za kununulia na za ushuru nimeziambatisha. Viatu laini na nguo vimeoshwa na vinavalika, sivitii kwenye hesabu. Mnirudishie pia nauli ya kwenda, shilingi 1,600, na zile 200 za mzigo.

La pili halina gharama kwenu, na kwangu lina uzito kuliko la kwanza. Naomba barua yenye mhuri wa kampuni, ikieleza kwamba basi lilichelewa kuondoka kwa saa moja na dakika 40, na kwamba begi langu lilishushwa Mlolongo kwa makosa ya wafanyakazi wenu. Shule iliyoendesha usaili imekubali kunitazama tena mwezi Januari nikiwa na uthibitisho wa kilichotokea. Bila barua hiyo, nina maneno yangu matupu. Naihitaji kabla ya mwisho wa Oktoba.

Na samaki, tafadhali, watafutieni gari lao. Siku ile nilipokuja kuandikisha malalamiko nilimkuta kijana aliyelowanishiwa vyeti vya shule, na baba mmoja aliyekuwa na mfuko wa nguo za harusi unaonuka hivyo hivyo. Buti lile haliwezi kuwekwa vyote viwili.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipojibiwa, nitaipeleka kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na langu halifiki hata 24,000. Nisingependa kufika huko. Basi lenu ndilo lililonifikisha kwenye madarasa yangu kwa miaka 2, na Ijumaa ijayo nina darasa jingine.

Viatu sijavitupa. Nimeviweka kwenye boksi, juani, juu ya paa la nyumba. Mkitaka kuviona kabla ya kuamua nitavileta ofisini Mwembe Tayari siku yoyote ya wiki baada ya saa nane mchana. Naomba tu awepo mtu atakayevishika kwa mkono wake.

Wenu mwaminifu,

Abiria wa kiti nambari 31
(Jina kamili, nambari ya simu, nakala ya tiketi, stika ya mzigo, risiti na picha 6 vimo ndani ya bahasha hii.)