Skripti Yetu ya Kukagua Linki Zilizokufa Kwenye Tovuti Yako

Mteja akibofya "Weka nafasi" akakuta 404 (ukurasa haupatikani), hakupigii simu kukuarifu. Anarudi Google na kufungua tovuti ya mshindani wako. Ndiyo maana kila tovuti tunayoihudumia tunaikagua linki kila wiki, na hakuna anayekaa kubofya moja moja. Kazi hiyo inafanywa na skripti fupi, yaani programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Python.

Skripti inaanzia ukurasa wa mwanzo, inaokota kila anwani iliyoandikwa baada ya href (neno linalotangulia anwani ya linki kwenye msimbo wa ukurasa), inaziulizia moja baada ya nyingine na kuandika namba ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, imejibu. Kurasa za tovuti yako inaingia na kuendelea kuokota. Za watu wengine inaangalia tu kama zipo. Inakumbuka ilikopita, la sivyo ingezunguka menyu ileile hadi kesho. Kati ya ombi moja na jingine inapumzika sekunde moja, maana seva za bei nafuu huelemewa haraka.

200 ni kwamba ukurasa upo, 301 umehamishwa, 404 haupatikani, 410 umeondolewa moja kwa moja, 500 seva yenyewe ina hitilafu. Hadi hapo mwanafunzi yeyote wa programu anaweza.

Shida inaanza kwenye kuyasoma majibu. Ili kuokoa bando, skripti huomba kwanza maelezo ya ukurasa bila ukurasa wenyewe, yaani ombi la HEAD. Seva nyingine hulikataa kwa 405, kwa hiyo inabidi irudie kwa GET, yaani ombi la ukurasa mzima. Nyingine huhisi ni roboti na kujibu 403 (huruhusiwi) au 429 (umeomba mara nyingi mno), ilhali wewe ukifungua kwa simu unaona kila kitu. LinkedIn hurudisha 999, namba ambayo hata kwenye kanuni za HTTP, yaani za mawasiliano ya wavuti, haimo! Hizo hatuziiti zimekufa mpaka mtu azifungue kwa mkono.

Kinachotuumiza kichwa zaidi ni 200 ya uongo. Chukua kitufe cha WhatsApp. Linki ya wa.me inataka namba ianze na msimbo wa nchi, 255 kwa Tanzania, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Wengi huandika 07 kama walivyozoea. Ukurasa wa WhatsApp unafunguka, skripti inaridhika, lakini mteja hakufikii. Tumeongeza sharti: wa.me yoyote inayoanza na sifuri iingie kwenye orodha ya makosa. Halafu kuna domeni (jina la tovuti) ya mshirika iliyoisha muda ikanunuliwa na mwingine. Jana ilikuwa hoteli, leo ni matangazo ya kubeti, na bado jibu ni 200. Kwa hiyo skripti hutunza kichwa cha kila ukurasa wa nje na kutuonyesha kilichobadilika tangu wiki iliyopita.

Ukitaka kujaribu mwenyewe linki moja, kwenye Mac, Linux au Windows 11 fungua dirisha la amri (kwa Windows ni Command Prompt), andika curl -I kisha anwani kamili. Namba iko mstari wa kwanza.

Kwa wateja wetu, linki ya ndani iliyokufa tunairekebisha bila kusubiri, na ukurasa uliohamishwa tunauwekea 301 inayompeleka mtu kwenye anwani mpya. Ya nje tunakuuliza kwanza, maana wewe ndiye unayejua kama na mshirika huyo bado mnafanya kazi.