Anayeuguza naye aulizwe hali

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaouguza wazazi majumbani hapa Mombasa, wengi wao mabinti na wake wa watoto, bila malipo wala likizo. Mimi namuuguza mama. Alipigwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Tunakaa Majengo.

Sisemi haya kwa kuchoka na mama. Radhi yake naitaka. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi asifanye vidonda, usiku kama mchana. Usingizi wa kukatikakatika, mwezi nenda mwezi rudi, humfanya mtu awe mkali bila sababu, asahau hata kula, alie jikoni peke yake. Ukithubutu kusema, utaambiwa, "Subiri, utapata thawabu." Thawabu naitaraji kwa Mungu. Usingizi nautaka kwa ndugu zangu.

Na wageni je? Kumzuru mgonjwa ni desturi yetu nzuri, ila watu hukaa! Wanakuja na machungwa yao, wanampa mama pole, kisha wanaketi hadi magharibi, na anayeuguza ndiye anayewapikia chai na kuwatafutia mahamri. Laiti mmoja angesema, "Mwanangu, nenda kaoge ulale, mimi nitakaa naye." Hajatokea bado. Kwenye kundi la WhatsApp la familia nako ni "mama kaamkaje?" na mikono ya dua.

Kwa upande wa serikali, Katiba yetu, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Sh2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kila mwezi kwa waliofika miaka 70 zinasaidia kununua nepi, lakini hazimkalii mtu zamu. Kuna jambo rahisi zaidi. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Wakishampima mgonjwa, kaunti iwaagize wampime presha na yule aliyesimama kando ya kitanda, kisha wamuulize maswali mawili ambayo madaktari huyatumia kugundua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mapema: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia? Akijibu "karibu kila siku", aelekezwe zahanati kabla hajaanguka. Dakika mbili haziishi.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Nimebandika karatasi ya zamu ukutani, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi. Kaka zangu ni wasomaji wa gazeti hili, na pesa wanazotuma tunazishukuru, lakini mama hageuzwi kwa M-Pesa. Usiku wa Ijumaa bado hauna mtu.

Binti anayeuguza,
Majengo, Mombasa