Barua kwa mwanangu: kabla hamjashusha giaboksi, angalieni brida

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya oili inayochuruzika pale injini inapokutana na giaboksi nimeiona. Unasema sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya lori la dizeli ilibadilishwa miezi michache tu iliyopita, sasa inavuja tena, na fundi yuko tayari kushusha giaboksi kwa mara ya pili. Mwombe asubiri. Sili mpya iliyofungwa sawasawa haichoki upesi hivyo. Mara nyingi inasukumwa kutoka ndani, na kinachoisukuma ni hewa iliyokosa pa kutokea.

Kila silinda inapowaka, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushukia kwenye chumba cha krenki. Hata injini mpya hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo. Gesi hiyo imebeba masizi, mvuke wa maji na ukungu wa oili, na njia yake halali ya kutoka ni brida, yaani kipumulio cha injini. Njia ikibana, presha hupanda na kutafuta mahali palipo dhaifu: sili ya nyuma, sili ya mbele, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), wakati mwingine dipstiki inajiinua yenyewe kwenye kiti chake. Tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya ekzosi, nayo huathirika. Oili inayoilainisha hurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili inachelewa kurudi, inajaa ndani ya tabo na kupenya upande wa hewa au wa ekzosi. Moshi wa bluu ukianza, watu hukimbilia kununua tabo, na hiyo mpya nayo itatema oili vilevile.

Anza na hozi ya brida, maana ndiyo inayodanganya watu. Kwa nje utaiona nyeusi, nzima, haina ufa. Injini ikiwa imepoa, safisha kwanza tope na vumbi vyote pale juu kwa brashi na dizeli kidogo, ili uchafu usidondokee ndani. Legeza klipu, zungusha hozi kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uivute. Ukiivuta kwa nguvu moja kwa moja unaweza kuvunja mdomo wa tapeti kava. Sasa imulike kwa tochi kwa ndani. Mpira uliolowa ukungu wa oili ya moto kwa miaka huvimba, tabaka la ndani linabanduka na kuning'inia kama ulimi. Hewa ikisukuma, ulimi huo unalala na kuziba njia. Pitisha vidole urefu mzima ukibonyeza: penye uzima mpira unarudi, palipokufa alama ya kidole inabaki au mkono unanata. Ukikuta hivyo usihangaike kuosha, weka hozi mpya.

Hozi ya rejeta haifai hapa hata kipenyo kikilingana. Ile imetengenezwa kwa ajili ya maji, na oili itaivimbisha upya. Tafuta hozi inayostahimili oili, yenye kipenyo cha ndani kilekile au kikubwa zaidi, kamwe si pungufu. Iteremke mfululizo kutoka juu hadi chini. Ikining'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo, maji na oili hutuama pale penye tumbo, na kila pumzi ya injini inabidi ivisukume kwanza.

Ncha ya chini usiisahau. Kwenye injini nyingi za zamani bomba la brida linaloishia chini limekatwa mshazari, na mdomo wa mshazari unatazama nyuma ya gari ili upepo wa mwendo uvute gesi nje. Fundi akilifunga kinyumenyume, upepo huohuo unasukuma vumbi na hewa kuingia. Penye vumbi jingi, ncha hulowa oili, vumbi linanata, likikauka linakuwa gumu kama lami. Likwangue kwa bisibisi, kisha pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye waya kutoka juu hadi kitokee chini kikiwa safi. Na ukiona mpasuko mdogo au tundu sentimita chache juu ya ncha, usilizibe ukidhani ni ubovu. Baadhi ya watengenezaji huliweka makusudi, ili barafu ikiziba ncha wakati wa baridi kali gesi ipate pengine pa kutokea.

Halafu njoo kwenye brida yenyewe. Kama ni ya wavu wa chuma, iwe kwenye kifuniko cha oili au kwenye kikombe chake, iloweke kwenye mafuta ya taa au dizeli kwa nusu saa, itikise, badilisha mafuta, urudie mpaka yatoke bila weusi. Petroli usiiguse kwa kazi hii, mvuke wake unashika moto upesi mno. Puliza kwa hewa ya kompresa kutoka upande unaotazama injini kwenda nje, macho yako yakiwa yamekingwa, kisha iache ikauke kabisa. Kama ndani kuna elementi ya karatasi au ya kitambaa cha nyuzi, hiyo haioshwi, inabadilishwa. Ukiiosha inaonekana safi, lakini nyuzi zimeshashikamana na haipitishi hewa kama zamani.

Ukiwa bado umefungua, vua tapeti kava uangalie bati la ndani lililo chini ya tundu la brida. Kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na tapeti isiruke moja kwa moja kwenye hozi. Tundu zake za kurudishia oili huzibwa na masizi, na oili iliyokosa pa kurudi inatoka nje na gesi. Zizibue kwa waya laini. Ukikuta uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko, usiseme mara moja kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Gari linaloendeshwa safari fupi fupi bila kupata moto vizuri hutengeneza uji huo kutokana na mvuke. Pima kwanza kama maji ya rejeta yanapungua. Unaporudisha kava, weka gasketi mpya na kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, kwani bati likipinda litavuja milele.

Hayo yote ni usafi. Swali lenyewe ni hili: je, njia imeziba, au gesi yenyewe imezidi? Watu hupenda kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, wakiona moshi wanatikisa kichwa na kusema ringi zimekwisha. Mimi kipimo hicho sikiamini. Kuna injini nzima kabisa zinazopuliza pale kwa sababu ya namna tundu lilivyokaa. Pima kwa maji.

Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 6 hadi 8, urefu wa mita 3. Ukunje kama herufi U kwenye ubao, kila mguu uwe na sentimita 60 au zaidi, na mpira unaobaki ndio utakaofika kwenye injini. Tia maji yenye tone la wino mpaka nusu ya miguu, kisha bandika rula katikati. Washa injini, iache ipate moto wa kazi, ndipo uunganishe mpira kwenye bomba la dipstiki bila kuacha upenyo. Angalizo: kwenye baadhi ya injini bomba hilo huishia chini ya usawa wa oili, na hapo halitakupa kitu. Chukua kifuniko cha oili cha akiba, ukitoboe, ukifunge kinipo (kijibomba cha kuunganishia mpira), upimie hapo.

Maji yatacheza kidogo, soma katikati ya mchezo wake. Upande mmoja ukishuka milimita 20 na mwingine ukapanda 20, presha yako ni milimita 40, si 20. Soma injini ikiwa inazunguka polepole, kisha ukiwa umepiga resi ya wastani na kuishikilia. Baadaye pima ikiwa na mzigo mlimani, mtu mwingine akisoma na wewe ukiwa kwenye usukani, kwa sababu gesi nyingi hupenya injini inapofanya kazi ngumu. Kiwango kinachoruhusiwa kipo kwenye kitabu cha injini yako. Sasa chomoa hozi ya brida na elementi yake, urudie kusoma. Namba ikianguka sana, kosa lilikuwa kwenye njia. Ikibaki juu hata njia ikiwa wazi, gesi imezidi.

Na hapo tena usikimbilie ovahoo. Ringi si mlango pekee. Kompresa ya breki za upepo inalainishwa na oili ya injini, na ringi zake zikichakaa inasukuma hewa mpaka kwenye sampu. Kuigundua ni rahisi: toa upepo wote kwenye matangi, washa injini, tazama maji wakati kompresa inajaza. Gavana, ile valvu inayopumzisha kompresa matangi yakijaa, ikikata huku injini ikizunguka vilevile, na namba ya presha ikishuka ghafla, basi mgonjwa ni kompresa. Kwenye malori madogo yenye buta ya vakyumu, inayoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, kuna ujanja mwingine. Pampu ya vakyumu, mara nyingi iliyo nyuma ya alternata, hutupa hewa yake ndani ya injini. Buta au hozi yake ikivuja, pampu inavuta hewa bila kukoma na kuimwaga kwenye sampu mchana kutwa. Weka vizuizi kwenye magurudumu, bana hozi ya buta kwa muda, usome tena. Ukimaliza hakikisha umeiachia, maana bila hiyo breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Tabo iliyochakaa nayo hupenyeza hewa kupitia bomba lake la kurudishia oili, lakini iangalie mwisho.

Kabla ya yote hayo, kwa kweli, tazama dipstiki. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika 15. Oili ikizidi alama ya juu, krenki inaipiga na kuigeuza povu, nalo linatoka kupitia brida hata injini ikiwa nzima. Na kama hukuongeza oili lakini imepanda, inuse: ikinuka dizeli, kuna pampu au nozeli inayovujisha mafuta ndani.

Fundi anaweza kukushauri uchukue ile hozi ya chini uiunganishe kwenye bomba la ea klina (kichujio cha hewa ya injini), ili lori lisidondoshe oili barabarani. Kataa. Zipo injini zilizotengenezwa hivyo, lakini hizo zina kitenganishi cha oili na valvu yenye kiwambo cha mpira na springi, inayozuia mvuto usizidi. Injini ya dizeli ya kawaida haina kizuizi cha hewa kama ya petroli, kwa hiyo nguvu ya mvuto inategemea resi na ea klina. Ea klina ikijaa vumbi, mvuto unaongezeka na kunyonya oili toka kwenye injini. Injini ya dizeli inaweza kuendelea kuwaka kwa oili hiyo: inapiga resi yenyewe, na hata ukizima ufunguo haizimiki, kwa kuwa haitegemei tena mafuta ya pampu. Likitokea, weka gia kubwa kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili izimike, au ziba mdomo wa hewa kwa ubao mnene. Mkono usiuweke pale hata kidogo. Siku ukiwa na injini yenye valvu ya kiwambo, usiioshe kwa petroli wala thina, mpira wake utaharibika. Ikichanika au kunata, nunua nyingine.

Ukitaka kukinga matone, ning'iniza chupa chini ya ncha ya bomba, mradi iwe na tundu la kupumulia lililo pana kuliko hozi. Chupa iliyofungwa kifuniko ni sawa na kuziba brida kwa kizibo. Tena itakusaidia: imwage kila kilomita 1,000, uache maji yatulie chini, upime oili iliyo juu na kuandika. Kiasi kikiongezeka safari hadi safari kwa kazi ileile, utajua mapema.

Kila ukimwaga oili, osha wavu, pitisha kitambaa kwenye bomba, bonyeza hozi. Nusu saa inatosha. Lakini wiki hii nataka uniletee namba nne: presha injini ikizunguka polepole na hozi ikiwa imefungwa, presha hiyohiyo hozi ikiwa imechomolewa, kisha kompresa ikijaza na ikiwa imekata. Mpaka nizione, giaboksi ibaki mahali pake.

Ni mimi,
Mama yako