Barua kwa Mama kutoka Asheville

Asheville, North Carolina
20 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Maji ya bomba bado si ya kunywa, lakini usihangaike, ya chupa tunagawiwa.

Laki nne za mabati nimetuma kwa simu ya Zuhura. Kaka Omari asizishike. Nimeyapata aliyoyasema kikaoni mbele ya Mjomba, eti nyumba ya mama inavuja na mimi nanunua redio. Redio yenyewe ya mkononi, bei yake haizidi bati tatu! Wala si ya kusikilizia taarabu. Ni redio ya ridhaa, ya kuongea na watu, na leseni yake nimeisomea usiku nikitoka kazini. Maswali 35, ukipata 26 umepita. Mimi nimepata 34. Mtajie hivyo hivyo, 34.

Ijumaa ile ya tarehe 27 Septemba, kimbunga Helene kilipotupiga, umeme ulikatika, simu hazikushika, barabara zikabebwa na mto. Ndiyo maana mlikaa siku tano bila kunisikia. Kilichobaki kinaongea ni mtambo wa juu ya Mlima Mitchell, unaodaka sauti ya redio ndogo kama yangu na kuirusha upya hadi mbali. Tulikuwa hewani kutwa kucha, mmoja anasimamia, wengine tunangoja zamu ya kuongea: nani kazingirwa na maji, njia ipi inapitika, dawa ya nani imekwisha. Mimi nilikaa garini, redio naichaji humo humo, naandika mgongoni mwa boksi la piza. Babu jirani yetu oksijeni ilikuwa inamwishia. Nikaitaja nyumba yake mara mbili, polepole, mkono unatetemeka. Jioni wakaja na mtungi. Hakuna aliyelipwa hata senti, sheria yenyewe inakataza. Huyo ndiye mchezea redio wa Kaka Omari.

Usiku giza lilipokuwa totoro nilimkumbuka marehemu Baba, anavyoanika betri juu ya bati mchana kutwa ili zimfikishe taarifa ya habari ya saa mbili, na sisi tukikohoa tu anatukata jicho. Angekuwepo ningempa aongee yeye.

Nasikia Kaka anaitaka ile redio ya Baba, ya mfuko wa ngozi. Asipewe, Mama. Iwe kabatini kwako mpaka nije. Ila Zuhura atoe betri, zisije zikavujia ndani.

Mwanao,
Hamisi