Barua kwa mwanangu: kile kitambaa changu cha CWA

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristu.

Habari ya huko Nakuru, baridi imepungua ama bado mnalala na sweta? Huku Kisumu joto limenitoa ndani, nimekaa kwa mlango na hii simu, omena imeisha yote imebaki gorogoro mbili tu, kwa hivyo nina nafasi ya kukuandikia polepole juu jana ulipopiga sikujua niseme nini. Ulilia. Ati tangu mtoto azaliwe hujaingia kanisani hata Jumapili moja, ati ukishika rozari usiku unalala kabla fungu la kwanza liishe, unaamka unaipata imenasa kwa nywele, halafu ukasema ile kitu iliyoninyima usingizi, kwamba mimi nililea watoto wanne na sikuwahi kukosa misa na wewe umeshindwa na mmoja.

Haiya. Nani alikuambia sikuwahi kukosa?

Hiyo ya misa tuimalize haraka. Katekista alishatusomea kwa jumuiya, Katekisimu namba 2181, Jumapili ni lazima isipokuwa mtu awe na sababu nzito, na mifano yenyewe imewekwa hapo hapo, ugonjwa, ama kutunza mtoto mchanga. Huyo wako ana wiki saba. Sio ati nimekupa ruhusa ukae nyumbani mpaka aanze shule, la, akishikanisha shingo mfunge na leso uende misa ya kwanza ile fupi, akilia toka nje usimame na wale wamama wengine, spika inafika mpaka kwa geti.

Na hiyo ya kusinzia, unakumbuka Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule wa Lisieux aliyekufa 1897 akiwa na miaka 24 tu? Alikuwa sista, kazi yake ni kusali, na miaka mingi alikuwa anasinzia kwa sala. Mwenyewe aliandika, akasema hata watoto wakilala wazazi wanawapenda vilevile tu. Huyo ndiye Kanisa limemfanya Mwalimu wa Kanisa. Mamake pia ni mtakatifu, Zelia, alitangazwa pamoja na mumewe siku moja 2015, alizaa watoto tisa akazika wanne na huku anaendesha biashara ya kutengeneza lesi. Mwanamke wa biashara kama mimi, tofauti yetu ni yeye lesi mimi omena (na mimi nanuka).

Sasa nikuambie ile nilikuwa nataka kukuambia.

Unakumbuka nyanya yako akiletwa kwetu kutoka Kendu Bay, presha imempiga amepooza upande wa kulia. Wewe ulikuwa darasa la nne. Baba yako yuko kazini huko mbali, mimi niko na soko, watoto, na cheo, juu mwaka huo ndio walinichagua katibu wa jumuiya na nilikuwa nimejiona sana, acha nikuambie ukweli. Oktoba ikafika, mwezi wa rozari, kila jioni tunazunguka na sanamu ya Mama Maria nyumba hadi nyumba, na mimi sikosi hata siku moja, naimba mpaka sauti inakauka. Nyumbani nimekuacha wewe na nyanya. Mtoto wa miaka tisa na mtu mzima hawezi kujigeuza kitandani.

Jioni moja nikarudi nikakupata umemwosha. Peke yako. Maji umechota na jagi ya kunywea, umemgeuza sijui kwa nguvu gani, na vile vitambaa vyake vya kubadilisha vilikuwa vimeisha vyote viko kwa kamba havijakauka, ukafungua sanduku langu ukatoa kitambaa changu cha kichwa cha CWA, chama chetu cha wamama Wakatoliki, kipya, kile nilikilipia kidogo kidogo miezi minne, ukakikunja mara mbili vizuri ukamwekea chini. Mimi sikuona mtoto amefanya kazi ya mtu mzima. Niliona kitambaa. Nikakuzaba kofi.

Nyanya alitazama hiyo yote na hakusema kitu. Wewe hukulia hata, ulienda tu kumwaga maji.

Usiku nilikifua hicho kitambaa kwa karai nje, na omo na jiki na limau, harufu inakataa kutoka, nikalia hapo kwa giza na hata sijui nilikuwa nalilia nini, nadhani bado nilikuwa nalilia kitambaa. Jumamosi nikaenda kitubio. Nikasimulia, nikajitetea kidogo, wajua vile mimi huongea. Padri akaniacha nimalize halafu akauliza swali moja tu: na saa hii uko hapa, nani amebaki na huyo mama?

Ilikuwa wewe. Ulikuwa wewe tena.

Malipizi yangu hayakuwa Salamu Maria kumi. Alisema mpaka Oktoba iishe jioni nisitoke nyumbani, nikae na mama mkwe. Nikarudisha daftari la ukatibu, wengine wakasema nimepoa kiimani, mmoja akasema hata mbele yangu. Sawa.

Sasa ujue nyanya yako alikuwa Msabato wa Gendia kabisa, huko kwao Kendu Bay, kanisa lao liko hapo tangu 1906, na rozari alikuwa anaiangalia kama nyoka. Chai ya majani hagusi, mumi, yule kambare, hagusi, mimi nimezoea mumi. Na mimi Mluhya nimeolewa kwa Wajaluo, Kiswahili ndio kilitulea kwa hiyo nyumba, yeye hakukipenda, ananiita jamwa, yaani mtu asiye Mjaluo, mbele ya wageni. Huyo ndiye nilipewa nikae naye.

Nilianza vibaya. Namwosha nikisali kimoyomoyo ili Mungu aone ninavyoteseka. Halafu Ijumaa moja nikamwona anaangalia dirisha na macho yamejaa, jua linaenda kuzama, sufuria zimejaa sinki, maji hakuna, mimi bado nakaanga samaki, na nikaelewa kwamba tangu aje kwangu hajawahi kupata Sabato moja iliyotulia. Miezi mitatu. Hakuna aliyefikiria. Mimi na rozari zangu zote.

Ijumaa iliyofuata nikafunga soko saa tisa, na unajua Ijumaa ndio wateja wanakuja. Nikajaza mitungi yote, nikapika ya leo na ya kesho, nikamwosha, nikamkata kucha, nikamfunga kitambaa cha kichwa cheupe. Jua likizama nyumba iko kimya. Nikachukua Biblia yake ya Kijaluo nikajaribu kumsomea Zaburi ya 23, na wewe unajua Kijaluo changu ni cha kuuzia samaki, mstari wa pili tu nimeharibu neno fulani sijui niligeuza nikasema nini, akacheka. Alicheka mdomo ukienda upande mmoja mpaka mate yakatoka, nikampangusa, na yeye akanirekebisha, neno moja moja, mpaka tukamaliza. Tulifanya hivyo kila Ijumaa hadi akaenda. Mimi Mkatoliki wa kutoka Mumias, nilishika Sabato mwaka mmoja na miezi.

Usifikiri alinipenda mwishowe. Aliniita jamwa mpaka hospitali. Wakamzika watu wake na kwaya yao, na mimi sikupewa hata dakika mbili za kusema kitu. Lakini ukiniuliza ni lini nilisali maisha yangu, sitataja ile Oktoba ya sanamu, nitataja karai na hizo kucha.

Na wewe saa nane usiku umekaa kitandani matiti yanauma, mtoto hataki kushika, unamgeuza upande huu upande ule, halafu unaniambia hujasali. Ukianza "Kwa jina la Baba" ukalala hapo, si umelala mikononi mwake.

Kitu kingine sijawahi kukisema. Ile kofi. Nilimwambia padri, nikamwambia Mungu, na wewe sikukuambia, miaka yote hii, nilikununulia viatu nikaona imeisha. Nisamehe, mama. Ulikuwa umefanya vizuri. Ulikuwa umekikunja mara mbili hata, vile mimi hukunja.

Alhamisi napanda matatu ya asubuhi, saa nane mchana nitakuwa hapo kama barabara ni nzuri. Nakuja na omena iliyokauka vizuri, maziwa yatatoka utashangaa, na mwambie baba mtoto atafute wasimamizi wa ubatizo mapema juu huko mjini hizo darasa za wazazi sijui zinachukua muda gani. Kile kitambaa bado ninacho, alama haikutoka, nitakiweka kwa begi. Nepi usifue. Ziache kwa karai hapo hapo mpaka nifike.

Mama yako